Mwanafunzi Wangu Bora Anafanya Mazoezi ya Kufeli

Mhariri, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha ndani huku Shinyanga, upande wa Samuye. Nina mke, watoto, na vitabu vingi kuliko nguo.

Darasa la saba nina binti nitakayemwita Kabula, mtoto wa kaka yangu wa tumbo moja. Kwa hesabu hakuna mvulana anayemkaribia. Juzi tulitoa jaribio la mwisho kabla ya mtihani wa taifa, maswali ya kuchagua herufi. Kabula alikosa yote. Hebu fikirini. Darasani humo yupo kijana anayesinzia tangu kuitwa namba asubuhi hadi kengele ya kutoka, na hata yeye kwa kubahatisha alipata kadhaa. Ili ukose yote, lazima ulijue jibu la kila swali, kisha ulikwepe.

Nilimwita kando ya shamba la pamba la shule. "Kabula, ulikuwa unafanya nini?"

"Mazoezi, baba mdogo."

"Mazoezi gani?"

"Ya kufeli. Baba amesema nikichaguliwa kwenda sekondari, mama atarudishwa kwao."

Huku kwetu si jambo geni. Binti akifaulu anakwenda bweni, na ng'ombe wa mahari wanabaki kwenye zizi la watu. Kaka ana mtoto wa kiume anayetaka kuoa, na anawategemea ng'ombe hao kumlipia mahari.

Nikamfuata kaka zizini. "Mwangaluka, Mwalimu," akanisalimu Kisukuma bila kuinua kichwa. "Leo umekuja kuwafundisha ndama?"

"Nimekuja kwa ajili ya Kabula."

"Kabula ni wangu. Nani alichunga mifugo ya baba ili wewe usome? Mimi. Umesoma, umetuletea nini zaidi ya shati jeupe? Hata maziwa unatuma mtoto kwangu."

Wake zake walicheka, isipokuwa mama Kabula. Na kuchunga alichunga kweli.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. "Nafasi zenyewe kiduchu," akanijibu. "Akikosa yeye atapata mwingine. Usigombane na kijiji kwa sababu ya msichana mmoja." Huyu ndiye anayekauka koo kwenye mikutano akihubiri elimu! Jioni tunawafundisha wazee kusoma na viongozi wanatupigia makofi. Asubuhi tunafumba macho wakati mtoto mwenye akili kuliko sisi sote anafundishwa kuificha. Tunaitana wataalamu. Utaalamu gani huu usioweza kumtetea mtu mmoja anayejua? Kama kazi yangu ni kumpa mtoto maarifa ili ayazike mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani, heri nichukue jembe.

Nikimshtaki kaka serikalini atawekwa ndani, na siku hiyohiyo mama Kabula atatupiwa vyombo nje. Jana binti aliniuliza, "Baba mdogo, nikijibu sawasawa, utampokea mama kwako?"

Msione swali hilo dogo. Kwetu, ukimpokea mke wa ndugu yako aliye hai, unasemwa umemchukua. Ukoo utanitenga, na kaka hatanisemesha tena mpaka kaburini. Mke wangu amekwisha kuniambia, "Baba Masele, akiingia huyo, mimi natoka." Kwao mama Kabula ni mbali, na hakuna aliyebaki huko wa kumpokea.

Nilimwambia mtoto akasome, naye akanitazama kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Mtihani ni mwezi ujao. Ndugu wasomaji, wenye hekima na hata wenye matusi, nisaidieni: nimfungulie mama yule mlango wangu na kupoteza nyumba na ndugu, au nisimame mbele ya darasa nimwangalie Kabula akichagua herufi zisizo zake?