Uzi wa Kufika Luanda

Kwa miaka ishirini na saba, Mama Nyima Sanyang ndiye aliyenyoa watoto wachanga wa mtaa wetu, hapa Brikama. Wembe wake haukumkata hata mmoja.

Jumamosi moja mwanawe wa pekee, Yusupha, muuza vipuri Luanda, alipiga simu. Amepata binti, mtoto wake wa kwanza. Atanyolewa na kupewa jina Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi. Nauli alikwisha kutuma, na karatasi za safari zilikuwa tayari.

Jioni hiyo Mama Nyima akaja kwangu. Mimi ni mtunza stoo wa shule, nina atlasi. Koo zetu ni za utani.

"Wewe mla maharage, nipimie Luanda."

Nikanyoosha uzi juu ya ramani, nikaukata. Kilomita elfu nne na mia moja. "Kwa ndege ni saa tano," nikamwambia. "Cha mchana unakula hapa, cha usiku unakula kwa mwanao."

Kwa kuniamini, aliwaahidi majirani zetu, akina Jatta, kwamba Alhamisi asubuhi atamnyoa mtoto wao, ndipo asafiri.

Jumatano tulikwenda kukata tiketi.

"Ya moja kwa moja hakuna," alisema karani. "Unapanda hadi Casablanca, ndipo unashuka Luanda."

"Casablanca si kaskazini?" nikauliza. "Luanda iko kusini!"

"Baba, njia sikuichora mimi. Ipo ya leo usiku, na ya Ijumaa alfajiri. Hiyo ya Ijumaa inamfikisha Jumamosi, saa nane mchana."

"Panda ya leo," nikamsihi mama. "Akina Jatta watatafuta mwingine."

"Nimwache mtoto wa watu kwa sababu ni wa watu? Kata ya Ijumaa."

Alhamisi alimnyoa mtoto wa Jatta, taratibu kama kawaida yake. Ijumaa akaondoka. Kwa saa kumi na tisa alikaa kwenye kiti cha chuma huko Casablanca, mwanamke wa miaka sitini na tatu, ili afike nchi iliyo chini yetu, ufuko uleule wa bahari yetu. Mzungu anafika kwetu kuota jua bila kubadili ndege. Sisi kwa sisi, mpaka tuzunguke jangwa. Nani alikaa mezani akaona hilo ni sawa?

Yusupha alimpokea uwanjani.

"Mama, wazee walikataa kungoja. Tumeshamnyoa."

"Nani kanyoa?"

"Kinyozi wa mtaani."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine, mama. Nywele nimekuwekea."

Aliporudi baada ya mwezi, hakunisalimu. "Lete kitabu chako. Na uzi ule."

Akaweka ncha ya uzi Brikama, akaupandisha Casablanca, akaanza kuuteremsha kusini. Uliishia katikati ya Sahara. Akabonyeza pale kwa kidole chake.

"Hapa ndipo uliponiacha, mla maharage. Weka alama."

Nikaweka, kwa wino.