Mlio Katika Pikapu ya Sajini

Mlio ule huanza mwembamba, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Dereva akikanyaga mafuta, unapanda pamoja na injini, akiachia, unashuka. Hutoka kwenye spika, nyuma ya wimbo, na ukishausikia mara moja wimbo wenyewe umeharibika. Niliujua nikiwa na miaka kumi na mmoja, kabla sijajua kusoma saa. Hata leo nikiusikia, nanusa rangi ya gari inayokwanguliwa kwa kisu na turubai la Misiera lililochomwa na jua.

Baba alikuwa fundi wa redio za magari. Uvira, kule Kongo, alikuwa na kibanda chenye mlango na kufuli. Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi nchini Uganda, alikuwa na meza moja chini ya turubai, pale sokoni Misiera. Sisi tulikaa Rubondo, kijiji kingine cha makazi hayo, na kiangazi kile shule zilipofungwa alinipakia kila asubuhi nyuma ya baiskeli yake tukaenda kazini pamoja. Mikono yake ilijua kila kitu. Waya wa betri aliupitisha upande mmoja wa gari na waya wa sauti upande wa pili, zisikaribiane. Waya mweusi, ambao kwa mazoea ya Kongo aliuita masi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, aliufunga kwenye bati tupu, rangi ikiwa imekwanguliwa mpaka chuma king'ae. Masi ikikaa juu ya rangi, alisema, mlio haukosi. Ila mlio wenyewe hakuusikia. Bomu lililoanguka karibu na nyumba yetu kule Uvira lilimwachia sauti nene za watu na kumnyang'anya zile nyembamba zote. Siri hiyo tuliijua watatu tu: yeye, mama na mimi. Nani angempa redio yake fundi asiyesikia?

Kwa hiyo masikio yake yalikuwa mimi. Nilikaa kiti cha nyuma, naye akikwangua, akifunga, akiwasha injini, kisha akinitazama kwenye kioo. Nikishika ndewe ya sikio, mlio bado upo. Nikiweka mikono magotini, umekwisha. Wateja walidhani ananidekeza, wakanitania kwamba bosi amekaa nyuma. Nilikuwa na kiburi kisicho na kipimo. Watoto wenzangu walichota maji kisimani, na mimi nilikuwa natengeneza magari.

Kulikuwa na jambo jingine alilonifundisha, kama wazazi wote wa Rubondo walivyowafundisha watoto wao. Mtu mwenye sare au mwenye karatasi akikuuliza chochote, mwambie yote ni sawa. Chakula kinatosha? Kinatosha. Mnaumwa? Hatuumwi. Tulikotoka, mtoto wa jirani aliwajibu wenye bunduki kweli tupu kuhusu alipo baba yake, na baba huyo hakuonekana tena. Somo hilo nililijua vizuri kuliko hesabu za shuleni.

Sajini wa kambi ya jeshi ya Makenke, mjini Mbarara, aliiona pikapu ya kwaya yetu, ambayo baba aliifungia redio, ilipowapeleka waimbaji mjini humo, akapenda jinsi spika zake zilivyokuwa safi. Akamwita baba. Pikapu yake mwenyewe ilikuwa inalia vibaya, na mafundi wa mjini walishindwa. Alisema baba akiiweza, atamwombea chumba kilichokuwa wazi karibu na geti la kambi, afungue kazi pale, kwa maana askari wengi walikuwa na magari. Mama aliposikia alianza kuchagua sufuria za kuhama nazo. Tungeondoka Rubondo. Hatukuwa tumewahi kuwa na tumaini kubwa kuliko hilo tangu tuvuke mpaka.

Makenke niliona sare za kijani kila upande. Baba alihamisha masi mara ya kwanza, nikashika ndewe. Akakwangua mahali pengine, akafunga, akawasha. Mlio ulikuwa umepungua, lakini ulikuwepo. Mkono wangu ulikuwa unaelekea sikioni pale sajini alipoingiza kichwa dirishani, bunduki ikining'inia begani, akaniuliza mimi, si baba.

"Wewe katoto, kelele imeisha ama bado?"

"Imeisha, afande."

Mikono ikashuka magotini yenyewe. Baba aliniona kwenye kioo, akatabasamu, akarudisha vifuniko vyote na kufungasha zana zake.

Siku mbili baadaye pikapu ilisimama mbele ya meza yetu Misiera, watu wakiwa tele. Sajini hakuonekana kuwa na hasira, na labda angekasirika ingekuwa afadhali. Alisimama kati yangu na baba, akamkanyagisha mafuta dereva wake mpaka spika zikalia hata muuza nyanya akageuka.

"Fundi, sikiliza. Kelele iko ama hakuna?"

Baba alinyoosha shingo kunitafuta, hakunipata. Akaamini nilichomwambia Makenke.

"Hakuna, afande. Imenyamaza kabisa."

Watu walicheka. Sajini naye akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe mzee hasikii! Nilipea redio yangu kiziwi!"

Tulirudi Rubondo. Tulipofika uani ndipo akaniuliza, "Kule Makenke, ulisikia?"

"Nilisikia, papa."

"Juu ya nini haukushika sikio?"

"Aliniuliza yeye. Alikuwa na bunduki."

Aliegemeza baiskeli ukutani. "Ni mie nilikufundishaka vile," akasema, akaingia ndani. Mama alirudisha sufuria mahali pake. Afadhali baba angenipiga. Wateja hawakurudi tena, meza akampa mtu mwingine, akaanza kulima mashamba ya watu. Alifariki baada ya miaka mitatu, bila kugusa tena waya wowote.

Sasa naendesha pikapu ya maziwa mjini Mbarara. Nikipita Rubondo kuchukua maziwa nasikia watoto wakiwaambia wageni wenye karatasi, bila kupepesa macho, kwamba uji hautoshi, na nawaonea wivu. Redio ya pikapu hii ina mlio. Najua masi yake ilipo: chini ya kiti cha abiria, juu ya rangi. Ni kazi ya robo saa na kisu. Nimekitoa kisu mara mbili, nikakirudisha.

Wiki iliyopita nilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, si mbali na Makenke. Askari kijana aliinama dirishani, injini ikinguruma, na mlio ukilia kati yetu waziwazi.

"Dada, gari iko sawa?"

"Iko sawa, afande," nikajibu, mikono yangu ikiwa magotini.