Mtoboa Madumu Agombana na Mama Mkwe

Msumari unazama, plastiki inalia, na mtunza stoo wa kiwanda kikubwa cha kufulia mashuka ya hoteli analigeuza dumu la bluu upande wa pili. Tundu moja halimtoshi. Anapiga lingine chini, kisha lingine ubavuni.

"Roho mbaya hiyo!" mpiga pasi anamfokea kutoka mlangoni. "Dumu zima kabisa, na wenzio ndoo zetu zinavuja!"

"Chotea maji kwenye kiatu," anamjibu bila kuinua kichwa.

Kazini wanamwita Bwana Misumari. Dumu hilo lilikuja na dawa kali ya kutoa madoa, na ubavuni lina alama yenye mpaka mwekundu: matone yanadondokea mkononi, na mkono unalika. Ameieleza alama hiyo mpaka koo limemkauka.

"Nikiwauliza maana yake, wananiambia mtu ananawa mikono," asema. "Ananawa! Na kuna mmoja alinawa kweli."

Aliyenawa ni huyo huyo mpiga pasi. Mwaka jana alitumia mabaki ya dawa kutoa wino viganjani. Ngozi ikambanduka kama ganda la kitunguu, akakaa nyumbani wiki tatu bila ujira. Bado anataka dumu.

"Lile lilikuwa na dawa," anajitetea. "Hili si tupu?"

Shida ni maji. Mitaani bomba hutoa mara moja kwa wiki, na dumu jipya linameza ujira wa siku nzima. La stoo ni la bure. Mtu hubandua karatasi yenye alama, akasuuza mara mbili, akaweka maji ya kunywa. Alama imeondoka, ila dawa iliyoingia kwenye plastiki haina habari. Bosi naye huona kugawa madumu ni ukarimu.

Mwezi uliopita moto ulihamia kwa mtunza stoo mwenyewe. Mama mkwe aliomba dumu, akamnyima kwa heshima zote. Dereva wa kiwanda akampelekea moja kimya kimya kabla halijatobolewa. Jumapili, mtunza stoo alipofika ukweni, aliwakuta wanawe wawili wakichota humo maji ya kunywa.

"Shikamoo, mama. Naomba hayo maji yamwagwe."

"Marahaba, baba. Maji yangu yamekosa nini?"

"Si maji, mama. Ni dumu."

"Dumu nimelisugua kwa mikono hii. Au mikono yangu michafu?"

Aliomba tena, akaomba tena. Kisha akaingia jikoni kwa mama mkwe, mahali ambapo mkwe mwenye adabu hakanyagi, akachukua kisu akalichoma dumu. Maji yakafika hadi kwenye mkeka.

Tangu hapo salamu zake haziitikiwi.

"Mke wangu ananiambia ningengoja mama yake asinzie," asema, akitupa mikono. "Asinzie! Watoto wanakunywa, mimi nakaa kumbembeleza bibi yao alale!"

Amemwomba bosi madumu matupu yawe yanarudishwa kwa muuza dawa. Bosi alisema atafikiria, na huu ni mwezi wa tano anafikiria. Kwa hiyo mshahara ukitoka, mtunza stoo atanunua madumu mawili mapya na kuyapeleka mwenyewe ukweni. Mkewe ameshamwonya: mama atapokea madumu, kisha atamfungia mlango.

"Afunge," asema. "Ayapokee tu. Anichukie mpaka achoke, lakini anichukie akiwa mzima."