Nilivyomsemea Adela

Pumba za mpunga zikichomwa nyuma ya mashine ya kukoboa hutoa harufu kali inayoganda kwenye nguo siku nzima. Mpaka leo nikiinusa narudi kijijini kwetu Mchombe, nina miaka kumi, nimemshika mkono mdogo wangu Adela, tumetumwa dukani.

Adela alikuwa na miaka sita na hakuwa akisema. Alikuwa na usonji, neno ambalo kwetu halikuwa limefika. Kilichofika ni lawama, maana mtoto asiyeamkia wakubwa huambiwa hana adabu, na anayesemwa ni mama yake. Basi nikawa naamkia mara mbili, shikamoo yangu na ya Adela, na wakubwa wakazoea kuniitikia marahaba mbili. Akitaka maji alinishika mkono akanivuta hadi kwenye ndoo. Nilijiona mtu wa maana sana, nawaambieni, ingawa wenzangu walishaacha kuniita kwenye mchezo wa rede kwa sababu Adela alikuwa akikimbia na mpira. Wazazi walishinda shambani. Kutwa nzima nilikuwa na Adela tu.

Kisha shule ya jirani ikafungua darasa la watoto kama yeye, Adela akaandikishwa. Mwalimu wake alikuja nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akatuelekeza. Tumwoneshe kikombe, tuseme "maji", halafu tunyamaze tumsubiri kidogo. Akijaribu sauti yoyote, tumpe papo hapo. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu, ukimsemea kila kitu, yeye atasema lini?"

Mama alifuata maelekezo. Mimi sikufuata. Mama akienda shambani, Adela akinivuta tu namchotea, nikijiambia namwonea huruma. Muhula ukaisha bila sauti hata moja. Mwalimu akauliza kama kuna anayempa bila kusubiri, mama akaapa hakuna. Mimi nilikuwa kando nachambua mchele, nikauinamia ungo. Jioni ile baba akasema Adela aachishwe darasa, anasumbua watu bure. Mama alijifuta macho kwa pindo la khanga.

Nikasema ukweli pale pale. Nilitegemea fimbo. Mama akaniketisha kando yake.

"Basi mwanangu, tumsubiri wote."

Baba akakubali muhula mmoja zaidi.

Kuanzia hapo Adela akinivuta, nilisimama na kikombe, nikasema "maji", nikanyamaza. Alinipiga, akaniuma, mwishowe akaacha kabisa kunifuata. Nyumba ile sijapata kuiona kubwa kama wiki zile.

Asubuhi moja mama akikoroga uji, Adela alinipita mlangoni, akamvuta khanga.

"Maji," akasema, taratibu, kama anayeonja chakula cha moto.

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Nami nilishangilia, kisha nikaenda nyuma ya jiko kulia, na wote wakadhani ni furaha.

Ukubwani ndipo nimejielewa. Nilimpenda Adela, hilo sina shaka nalo. Lakini nilijua, bila kuwa na maneno ya kulisema, kwamba siku atakayopata sauti ataweza kumwita mtu mwingine, nami sina mwingine wa kuniita. Nilitaka abaki kimya ili nisibaki peke yangu.