Saa Sita ya Rubani, Saa Sita ya Mchele

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeona kiboko amelala katikati ya pisti na sisi tunataka kutua. Nimeona mbuzi sita wanapigana ndani ya ndege juu ya mawingu, na mimi peke yangu niliwatuliza. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaokuja depo yangu pale Kavimvira na kuniuliza kama ni kweli Papa Kashindi wa mchele alikuwa rubani, someni hapa, halafu mniache nipime mchele.

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani, nilishika magunia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na darasa la sita, basi. Komanda, yaani rubani mkuu wa ndege ya mizigo niliyoipakia, mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu aliyejifunzia Kiswahili sokoni, alinitazama mabega akasema: "Weye! Chumvi mbele, unga nyuma. Ukikosea, tunakufa bote." Hiyo ndiyo inaitwa sentraje, kupanga uzito ili ndege isiinue pua kupita kiasi wala isiiname. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nalitazama gunia na kutaja kilo zake bila mizani. Komanda alinijaribu mara tano. Nilikosea mara moja, kilo moja, na gunia lenyewe lilikuwa limelowa.

Kutoka kwenye magunia nikawa msaidizi wa fundi, nikamshikia spana miaka minne. Nikaweka akiba, nikaenda nchi ya jirani kusomea urubani. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, kinene kama tofali. Nilikikariri chote, na yale nisiyoyaelewa nikayakariri zaidi. Nikarudi kopilote, msaidizi wa komanda, nikakaa kiti cha kulia miaka tisa. Kila asubuhi komanda alipita na gari yake akapiga honi mlangoni, nami nikatoka na viatu mkononi. Honi ndiyo ilikuwa saa yetu. Karatasi zote za safari aliandika yeye.

Halafu mwenye kampuni akaondoka, ndege ikabaki imekaa kwenye nyasi, nami nikaingia kwenye mchele. Nilianza na baiskeli. Leo nina mashini ya kukoboa kule Sange, Fuso mbili, na depo mnayoijua. Hakuna aliyenipa hata msumari.

Siku moja akaja binti mmoja wa Kamanyola, Neema, rika moja na kifungua mimba wangu. Nilidhani anataka mchele. Kumbe ni shefu-pilote, mkuu wa marubani wa kampuni moja ndogo.

"Papa Kashindi, batu banasema zamani ulirusha ndege."

"Banasema? Uliza mawingu."

"Basi njoo. Niko na ndege moja na rubani mumoja, na huyo rubani ni minye mwenyewe. Siku mbili tu kwa juma. Mchele wako unabaki palepale."

Mke wangu, Mama Riziki, aliyekuwa nyuma ya mizani, akasema bila kuinua kichwa: "Mchele unabaki. Na bwana je?"

Neema akacheka, nami nikakubali kabla hajamaliza. Nikapimwa macho, moyo, masikio. Nikaruka na Neema majuma matano, kila mara akinipitia depo, na mikono haikuwa imesahau kitu. Kilibaki kitu kimoja: safari ya mtihani na inspekteri kutoka mji mkuu. Muda wa kuhuisha leseni yangu ya zamani ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Ukipita, ni kurudi darasani upya, kitabu kile kile, kwa miaka hii yangu. Maana yake ni kwisha. Hilo lilinikaa kifuani kuliko nilivyomwonyesha mtu.

Neema akanipigia simu: "Inspekteri amefika. Tunaruka kesho saa sita kamili. Papa, usichelewe."

Kuchelewa, mimi? Kesho yake asubuhi nilikwenda kwanza Sange kununua mpunga, maana saa sita ilikuwa mbali. Simu ilikuwa imezimika, umeme haukuwapo tangu jana yake. Saa tano nilikuwa uwanjani na shati jeupe, saa nzima mapema. Inspekteri alikuwa amekaa juu ya pipa la mafuta. Neema alikuwa amesimama, na uso wake si wa kusalimia.

"Papa, weye ulikuwa wapi?"

"Nimewahi! Saa sita haijafika."

"Saa sita ilipita zamani."

"Ilipita kwa njia gani? Angalia kivuli chako kwanza. Jua iko wapi?"

Inspekteri akamwuliza Neema: "Huyu mzee anatutania?"

Sikuwa natania. Ndipo nikakumbuka kitu. Marubani wa dunia nzima wanatumia saa moja tu, inaitwa zulu, ili wa Kongo na wa Ulaya wasigongane angani. Kwetu Uvira, zulu ikisema sita, saa za ofisini zinasema nane, na Mswahili anasema saa mbili asubuhi. Wakati mmoja, namba tatu! Neema alisema saa sita kwa Kiswahili, lakini moyoni alikuwa anasoma zulu. Kumbe walinisubiri tangu saa mbili asubuhi, injini inawaka, mafuta yanakwenda. Zulu niliisoma kwenye kitabu kile, niliijibu kwenye mtihani, halafu honi ya komanda ikanisahaulisha.

Inspekteri akasimama. "Mutu asiyejua ni saa ngapi, atajuaje iko wapi angani?"

Neema alimwomba kwa Kifaransa, akamwomba tena kwa Kilingala. Mwishoni inspekteri akakubali: kesho kutwa, saa ile ile, na hoteli yake ya siku mbili nalipa mimi.

"Sifuri sita zulu," akaniambia. "Sema ni saa ngapi kwako."

"Saa mbili asubuhi, inspekteri."

"Andika."

Niliandika mkononi. Na siku iliyofuata nilijilazimisha kufikiri kwa zulu tangu kuamka. Mama Riziki aliniuliza nitakula saa ngapi, nikasema saa kumi na moja. Zulu kumi na moja ndiyo saa saba yetu. Saa saba nikaja mezani na njaa yangu, moto haujawashwa, yeye anangoja jioni. "Bwana," akasema, "hiyo ndege imeshapanda na weye ndani. Sijui itashuka lini."

Alasiri nikampigia Bahati, dereva wangu. Nilikuwa nimekodi nafasi kwenye boti ya kwenda mji wa Baraka, magunia themanini, na boti inaondoka Kalundu saa tatu asubuhi.

"Bahati, kesho fikisha mchele bandarini saa sita."

"Saa sita, patron? Boti si inatoka saa tatu?"

"Weye unanifundisha saa? Minye niko rubani. Saa sita kamili!"

"Sawa, patron."

Asubuhi nilifika uwanjani jua halijatoka, nikakaa chini ya bawa mpaka waje. Kwa kuruka, sitajisifu sana. Niliruka vizuri kuliko wote. Tulipokuwa juu ya tambarare ya Ruzizi, inspekteri akavuta nguvu ya injini mpaka mwisho. "Injini imekufa. Unatua wapi?"

Chini ni mashamba ya mpunga, yote yanafanana, na lenye maji linapindua ndege kama chapati. Nikashusha pua, nikashika mwendo, nikaelekeza kwenye shamba moja la kushoto. Akaniacha mpaka nikaona mabua.

"Basi, panda," akasema, akirudisha nguvu. "Umejuaje kwamba lile halina maji?"

"Mpunga wake niliununua juma lililopita. Mwenyewe alilalamika ukavu."

Alicheka mpaka tukatua. Akasaini leseni juu ya lile pipa la mafuta.

Nikapanda pikipiki moja kwa moja mpaka Kalundu, leseni mfukoni, kuona nafasi tupu ya boti iliyokwisha kuondoka na mchele wangu. Boti haikuwapo, sawa. Lakini wapagazi wakaniuliza: "Papa Kashindi, mchele wako haukuja, kuna nini?" Nikakaa juu ya gunia la mtu kumsubiri Bahati. Saa sita kamili Fuso ikaingia polepole, magunia themanini juu, Bahati akachungulia dirishani.

"Saa sita, patron. Hata dakika moja haikupita."

Sita niliyomtajia ilikuwa ya zulu, yaani saa mbili asubuhi; yake ilikuwa ya mchele. Nikapanda Fuso bila kumtukana, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Niliruka na Neema miezi kumi na minne, kila Jumanne na Alhamisi. Sikuharibu tairi hata moja. Leseni ilipokaribia kwisha tena, sikuomba nyingine. Si hofu, wala si macho. Nilikuwa naamka asubuhi nakaa kitandani bila kujua kama nimechelewa au nimewahi, na kama nimewahi, nimewahi wapi. Neema hakunilaumu. Alisema marubani wa namna yangu hawapatikani, na hilo ni kweli.

Mkiniuliza kama nilifanya vizuri kurudi angani, sijui. Siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine namtazama Bahati na Fuso yake nasema hapana. Ninachojua ni kile tulichojumlisha mimi na Mama Riziki mezani: hoteli ya inspekteri, mafuta ya asubuhi ile ya kwanza, nafasi ya boti, na magunia themanini niliyouza kwa hasara kwa sababu mteja wa Baraka alichukua ya mwingine. Saa sita ilinigharimu dola elfu moja mia sita na arobaini na saba, na franka mia tano.