Kitabu cha Migongo

Vitabu vilikuwa viwili, vizito kama mawe ya kusagia. Nikivibeba pamoja, mgongo wangu ulilia hadi ukasikika Uganda. Vililetwa na yaya, ndivyo nilivyomwita kaka yangu mkubwa wa tumbo moja, aliyekuwa shofere wa camion, lori la mizigo. Hadji mmoja wa Beni, aliyeagiza masahani kutoka Asia, alivikuta ndani ya karto la sahani akamwambia: "Peleka kwa mudogo wako anayechora. Hapa hapana mutu atanunua."

Vilikuwa vitabu vya wachoraji wa huko Asia, watu wa siku zetu hizi, wengine vijana. Maandishi sikuelewa hata neno moja, mimi mwenye diplome ya shule ya jioni! Lakini picha! Kitabu cha kwanza kilijaa nyuso: wazee, wanawake wa kiwandani, askari wanaocheka. Cha pili, mchoraji wake alichora watu kwa nyuma tu, kama vile wote walikuwa wamemkasirikia.

Kazi yangu ilikuwa vibao vya maduka, pale Butembo. Kuchora uso nilijifunza katika kile kitabu cha kwanza tu, mstari kwa mstari. Basi kila kinyozi wa Bulengera, mtaa wetu, akawa na kibao chenye wateja wa Asia. Mji mzima ulicheka, watu milioni kumi hivi, ingawa Butembo haikuwa na watu wengi hivyo. Yaya akipita na camion alipiga honi.

"We Muchina! Utanichora siku gani?"

"Siku utatulia, yaya."

"Nikitulia, tutakula nini?"

Hakutulia. Waasi walioshika upande wetu walipogawanyika, barabara ya Beni ikajaa vizuizi, na kila kizuizi kina mkubwa wake. Asubuhi moja yaya alitoka na viazi vya Masereka kupeleka Beni. Camion likapatikana kabla ya Beni, milango wazi, viazi vimeshachukuliwa. Yeye hayupo. Hadji alizunguka nami kambi zote akiuliza kwa upole, kanzu yake imejaa vumbi. Basoda, askari wa hao waasi, walijibu kwa Lingala, "Toyebi te," hatujui, wakaendelea na karata zao.

Kwetu, kwenye matanga, foto ya marehemu huwekwa juu ya kiti, watu wakaisalimu. Foto ya yaya ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake. Mama akakataa matanga.

"Hapana mwili, hapana foto. Batu balilie nini, kiti? Wewe si unachora? Donc, basi, unichoreye mutoto wangu."

Nilichora mara elfu, na safari hii sijaongeza sana. Kila mara penseli ilishika njia iliyoizoea: shavu la mwanamke wa kiwandani, kicheko cha askari. Yaya nilimjua tangu kuzaliwa, lakini mkono wangu haukumjua. Mama aliishika ile picha niliyoona ni afadhali, akaitazama muda mrefu.

"Huyu ni wa mama mwingine," akasema. "Na mama yule anamungoja kule."

Nikafumba macho kumtafuta yaya, nikaona mgongo wake. Anapanda camion, shingo nene, sikio la kushoto limekatika ncha, shati limechomoka ndani ya suruali. Ndivyo nilivyomwona maisha yangu yote, anaondoka. Nikafungua kitabu cha pili, nikamchora vile.

Nilimpelekea mama mchana, majirani wakiwepo. Aligusa lile sikio.

"Ndiye," akasema. "Ni mutoto wangu."

Wanawake wakaanza kulia kwa sauti. Mimi nikakimbilia kiti cha kuwekea picha, nikashukuru Mungu kwamba hatimaye tutamlilia, tutamaliza. Mama akainua mkono.

"Munyamaze kwanza," akasema. "Atageuka."

Kiti kikarudi jikoni. Matanga hatujafanya hadi leo. Nyuso nimeacha, vinyozi nawaandikia maneno tu. Picha iko ukutani kwa mama, na kila asubuhi anaisalimu kwa jina la utotoni, kisha anatega sikio, ili ajibiwe.