Anifa na Mashine Iliyonuka Mende

Kinyaa cha kwanza kilikuwa kompyuta yenyewe. Anifa aliinunua Kariakoo, mtumba wa kontena, betri imekufa, chini ya vitufe punje za wali na mayai ya mende. Nikamwambia haipiti ukumbini mwangu kabla hajaipangusa.

Huyu Anifa amepanga kwangu hapa Ilala mwaka wa kumi na moja. Anashona sare za shule. Miaka miwili hii, akishafunika cherehani, anajifunza kuandika programu. Aliing'oa Windows iliyokuwa inakoroma, akaweka Linux, mfumo mwepesi wa mashine kongwe, nayo ikaamka. Mimi nimeishia la nne, la nne la zamani, lakini mtu wa kazi namjua nikimwona.

Candida, wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alimwahidi ajira endapo angemwonyesha programu yake ya kufuatilia makontena ikienda. Wakutane Mnazi Mmoja saa kumi; kesho yake Candida anasafiri. Ila programu ilitaka chombo ambacho kwa mashine kongwe hakipatikani tayari. Lazima akiunde mwenyewe, ndiyo kukompaili: mashine inasoma mamia ya mafaili, moja moja, na kuyageuza yafanye kazi. Saa tano nzima. Alianza saa nne.

Kwetu anayechomeka hita ya maji hupiga kelele kwanza, wengine wachomoe vyao, maana nyaya za nyumba hii haziwezi. Asubuhi nilitangaza mwenyewe: "Leo hakuna hita, Anifa ana kazi!" Wote wakaitikia, hata Seifu wa chumba cha mwisho, huku anachokonoa meno na kupangusia ukutani.

Saa nane na nusu umeme ukajikata. Nikatoka. Seifu huyo, taulo kiunoni, hita imo ndooni.

"Hukunisikia asubuhi?"

"Nilisikia, Bibi. Sasa fundi cherehani na kompyuta wapi na wapi? Si ashone tu!" Akacheka, akatema mate sakafuni, pale nilipotoka kudeki.

Baba yake, Adamu, alikuwa mpagazi bandarini, kaishi chumba kile kile tangu mwaka sabini na tatu. Yeye mate alitembea nayo mdomoni mpaka jalalani.

"Saa nne na nusu zimeungua," Seifu akasema, anafurahi.

Anifa alirudisha swichi, akawasha mashine, akafuta faili moja lililokatikia njiani, akaandika amri ile ile.

"Yaliyokwisha hayarudiwi, Bibi. Inaendelea ilipoishia."

Nikatazama kioo: asilimia tisini na moja.

Niliichomoa hita, nikakaa nayo mlangoni kwa Anifa mpaka saa tisa na robo, alipotoka na mkoba akikimbia.

"Bibi, hita yangu basi."

"Deki kwanza."

"Mimi mwanaume nideki?"

Jioni Anifa akarudi: Jumatatu anaanza kwa Candida. Seifu akampa hongera kwa mbali, bado ananuka jasho. Mate yake yalikuwa yamekauka pale pale, na hita ilikuwa chini ya kitanda changu.